Pinde Ishirini za Mkole

Kegonga,
8 Machi 1998

Kwa binti yangu Robi,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mume wako Onsongo na watoto wote. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mvua. Tangu Oktoba inanyesha kama iliyotumwa. Daraja dogo la kwenda sokoni limekwenda na maji, mahindi yameozea shambani, na goti la mama yako limevimba tena. Anakusalimu. Anasema omena uliyomtumia, hao dagaa wa ziwani, ilikuwa na mchanga, lakini aliila yote.

Neno lililonifanya nichukue kalamu ni hili. Wezi wa mifugo wamezidi. Ryoba, jirani yetu, yule uliyekuwa ukimbeba mgongoni alipokuwa mtoto, walimchukulia ng'ombe wanne mchana, jua likiwaka. Sasa ni mtu mzima, ana mke na watoto wawili, na alilia mbele yangu kama aliyefiwa. Wazee wamekaa wakaamua tuwe na sungusungu, kama wenzetu wa upande wa Tanzania. Vijana ishirini wamechaguliwa na Ryoba ndiye kiongozi wao. Wamekuja kwangu kuagiza pinde ishirini.

Unajua macho yangu siku hizi yanaona ukungu tu, hata barua hii naiandika karatasi ikigusa pua. Kazi nimempa ndugu yako Mniko. Umri wake umefika, na upinde katika nyumba hii hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Ndivyo nilivyopewa na mimi.

Sasa nakuomba uniulizie. Kwenye kilima chenu cha Asego, ile mikole ambayo Wajaluo huiita powo bado ipo? Kama ipo, mwambie Onsongo anikatie fito chache nzuri azitie kwenye gari la Isebania. Nimesema Onsongo, si wewe. Mwanamke hakati mti wa upinde. Wewe mwoneshe tu kwa kidole.

Wasalimie watoto.

Ni mimi baba yako,
Werema


Homa Bay,
29 Machi 1998

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika, nami nimefurahi kusikia mko wazima. Pole kwa mahindi. Mwambie Mama goti alikande kwa maji moto yenye chumvi, na omena aioshe mara tatu, si mara moja kama mtu anayekimbizwa. Sisi hatujambo. Onsongo anakusalimu, karakana yake ina kazi nyingi za vitanda.

Baba, nimesoma barua yako mara mbili na mara zote mbili nimekasirika, kwa hiyo acha niseme.

Onsongo ni seremala. Kwake mti ni kitu cha kupigwa randa na kupigwa misumari. Nikimtuma akachague ufito wa upinde ataniletea mguu wa meza, tena atataka nimsifu. Eti nimwoneshe kwa kidole! Miaka kumi na minne kabla Mniko hajazaliwa, nani alikubebea kibuyu cha maji kwenda kule kwenye mawe? Nani alishikilia mti ukiupima kwa mkono, unene wa kifundo cha mkono wa mtu mzima, urefu kutoka unyayo hadi kifuani bila fundo hata moja? Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mkole wa bondeni umekunywa maji mengi na utalegea kabla ya mwaka kwisha, na wa kwenye mawe umekua kwa shida na hausahau umbo lake. Ulinifundisha kukata wakati wa kiangazi majani yakiwa yamepukutika. Kisha nikaolewa, na leo nimebaki na kidole.

Halafu nina swali. Kwa nini unaomba mti Homa Bay? Nyuma ya nyumba, kule kwenye mawe, niliacha mikole thelathini na zaidi. Hata nikikata leo, mvua hii imeijaza maji, na ufito unataka mwaka mzima juu ya moshi kabla ya kuguswa na kisu. Sungusungu wanataka pinde lini? Mniko anachonga mti gani?

Nijibu hilo kwanza.

Mwanao,
Robi


Kegonga,
20 Aprili 1998

Kwa Robi,

Salamu. Sisi wazima, goti la mama yako limepungua.

Nimeona barua yako. Umejifunza kuandika vizuri huko Homa Bay, lakini umesahau unamwandikia nani. Sikukuita barazani unihoji. Nilikuomba mti, hutaki kutuma mti, basi. Yamekwisha.

Wala hauhitajiki tena. Pinde zimekamilika zote ishirini. Mniko alifanya kazi usiku na mchana, na Jumamosi iliyopita zilikabidhiwa. Wazee walikuja, pombe ilikuwepo, vijana wakacheza pinde zikiwa mikononi. Nyeusi, zinang'aa kwa mafuta, zote za kimo kimoja. Ryoba alimshika Mniko mkono akauinua juu mbele ya watu wote. Robi, sijapata kumwona ndugu yako akisimama vile. Unajua alivyokuwa. Shule ilimshinda, kazi ya Migori ikamshinda, watu wakamfanya kichekesho. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Ile mikole ya kwenye mawe inapumzika. Usiulize tena habari zake.

Baba yako,
Werema


Homa Bay,
16 Agosti 1998

Kwa Baba,

Shikamoo. Nilifika salama Jumatano. Samahani niliondoka kwenye matanga ya Shangazi huko Kegonga bila kukuaga. Kama ningekuaga ningesema mbele ya wageni haya ninayoandika sasa.

Nimeona kule kwenye mawe. Nilikwenda asubuhi ya pili, Mama akadhani nimekwenda kuoga. Nimekuta visiki. Thelathini na vinne, Baba. Vimekatwa kwa msumeno usawa wa goti, mwishoni mwa mvua ndogo, maana hata havikuchipua vizuri. Kutoka kwenye visiki nikafuata njia ya mkokoteni, ikanipeleka moja kwa moja hadi kwenye tanuri jipya la Mniko la kukaushia tumbaku. Majivu yake bado yako pale nje. Nimeyashika. Miti ambayo babu yako aliichunga, wewe ukaichunga, mimi nikaifukuzia mbuzi nikiwa na miaka sita, imegeuzwa kuni za kukaushia majani ya kuvuta! Kama alikosa kuni, mkaratusi umejaa barabara nzima, kampuni ya tumbaku yenyewe iliupanda kwa kazi hiyo. Lakini hapana, mawe yako karibu na nyumba, mkaratusi uko mbali kidogo, na Mniko hapendi kutembea.

Hilo lingenitosha kukasirika mwaka mzima. Lakini halikuishia hapo.

Ryoba alinionesha upinde wake. Alikuja nao matangani kwa furaha, akaniita dada, akanipa niushike. Ulikuwa mwepesi. Kabla sijauangalia mkono wangu ulikwisha jua. Pale chini ya kishikio, ambapo masizi na mafuta hayakufika vizuri, nikakwaruza kwa ukucha. Mwekundu mwekundu, na nyuzi zake zinazunguka kama kamba iliyosokotwa. Ni mkaratusi. Mniko alichoma mkole, akachonga mkaratusi, akaupaka weusi.

Wewe ndiye uliyeniambia, tena mara ngapi, kwamba mkole ukichoka hulia kwanza. Unakupa sauti, unakupa siku mbili tatu uuweke chini. Mkaratusi haulii. Unapinda vizuri leo, unapinda vizuri kesho, halafu siku moja unakatika mkononi. Vijana ishirini wanakwenda kukabili wezi wakiwa na kitu hicho.

Nikamrudishia Ryoba upinde. Akaniuliza, "Dada, si mzuri?" Watu wamekaa, wewe umekaa pale na kofia yako, wazee wa sungusungu wanakunywa chai kwenye vikombe vya Mama. Nikamwambia ni mzuri.

Sasa niambie jambo moja. Wewe macho yameharibika, sawa. Vidole je? Uliwahi kuushika mmoja wa zile pinde kabla hazijatoka nyumbani kwako?

Robi


Kegonga,
12 Septemba 1998

Kwa binti yangu,

Nakusalimu. Mama yako hajambo. Hajui habari za barua hizi, na naomba iwe hivyo.

Niliushika. Niliushika wa kwanza siku aliponiletea, akasema Baba, pima. Niliupima kwa viganja viwili na nikajua kabla sijafika katikati. Nikapitisha kidole gumba mgongoni mwa upinde, pale chini ya ganda ambapo hapaguswi kwa kisu, nikakuta amepachonga laini kama kijiko. Hata angekuwa na mkole angeuharibu.

Nikamwambia, ni mzuri, endelea.

Unataka kujua kwa nini. Kwa sababu alikuwa amesimama mbele yangu akipumua kwa nguvu kama mtu anayesubiri kofi. Kwa sababu ile mikole alikwisha ikata nikiwa nimelala na homa, na nilipopata nafuu nikaona mawe yako uchi, nilimwita jina ambalo baba hamwiti mtoto wake. Akaondoka akakaa Sirare, ng'ambo ya mpaka, wiki tatu na mama yako akaacha kula. Aliporudi nilikuwa nimekwisha mkubalia Ryoba pinde ishirini. Nikakuomba mti wewe. Ukanijibu kwa maswali. Nifanyeje? Niende kwa wazee niseme mwanangu ameiuza heshima ya nyumba kwa tumbaku?

Nilijiambia kwamba hawa vijana hawatapiga mtu. Wakitembea makundi na pinde mabegani, mwizi ataona na kupita mbali. Upinde wa namna hiyo ni wa kuonwa. Mpaka leo ndivyo ilivyo, tangu Aprili hakuna ng'ombe aliyechukuliwa kitongoji hiki.

Unanipigia kelele mimi, lakini na wewe ulisema ni mzuri. Nilikusikia. Nilikuwa nimeinamisha kichwa nikisubiri useme kweli, na ungeisema ningekubali mbele ya wote. Hukusema. Kwa hiyo usinipandie kichwani.

Na hata tukitaka kuzibadilisha, mti uko wapi?

Baba yako,
Werema


Homa Bay,
4 Oktoba 1998

Kwa Baba,

Shikamoo. Watoto wazima, Onsongo mzima.

Unauliza mti uko wapi. Mti uko jikoni kwangu.

Kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Tangu mwaka wa tisini na nne, kila kiangazi, napanda Asego upande wa mawe, kwenye shamba la mama mmoja mzee aitwaye Truphena. Yeye huchuma matunda ya powo na mimi hunipa ruhusa ya kukata. Nakata kwa mkono wangu mwenyewe, kwa panga langu. Onsongo alidhani ni fito za kuanikia nguo, na Jumamosi moja karibu atundike juu yake suruali yake ya kanisani. Nilimrukia kama chui. Mpaka leo anamweleza kila mteja kwamba mke wake anafuga vijiti.

Ninazo fito kumi na saba. Kavu. Ya mwisho imekaa miezi ishirini juu ya moshi, ya kwanza zaidi ya miaka minne. Sijazichonga. Nilikuwa nikizishusha, nazigeuza, nazipaka mafuta na kuzirudisha. Usiniulize kwa nini nilizikata, maana nikikujibu nitalia na leo sitaki kulia, leo nina hasira.

Nitakupa zote. Lakini sitazituma kimya kimya ili Mniko azichonge na Ryoba amwinue tena mkono. Alhamisi sungusungu wanapokutana, simama. Sema pinde hizi ni mkaratusi. Sema nani alikata mikole na nani aliyejua. Zikusanye zote ishirini zichomwe mbele yao. Kisha sema miti mipya imetoka kwa Robi na imekatwa na Robi. Siku hiyo hiyo nitazitia kwenye gari.

Sitaki kitu kingine kwako. Sijakuomba ng'ombe wala shamba. Miaka yote hii nimetaka useme maneno hayo tu, mbele ya watu, kwamba jicho hili la mti ulinipa mimi.

Mwanao,
Robi


Kegonga,
25 Oktoba 1998

Kwa Robi,

Umekata kwa mkono wako. Mwanamke, tena aliyeolewa. Hilo tutalizungumza siku nyingine, tukiwa hai.

Ulikata mwezi gani? Uliacha ganda? Ncha ulizipaka mavi ya ng'ombe kabla hazijaanza kupasuka, au ulisahau? Nijibu hayo hata kama hutaki kunijibu mengine.

Sasa nisikilize. Zitume. Nitazichonga mwenyewe kwa kupapasa, mlango ukiwa umefungwa, siku nne kila upinde. Kila ukiwa tayari nitamwita kijana mmoja, nitamwambia lete huo wako niukaze kamba, nitambadilishia, na ule wa mkaratusi utaingia jikoni kwa mama yako. Mpaka mwaka mpya zitakuwa zimebadilika nyingi na hakuna atakayeaibika. Ryoba atakuwa wa kwanza, nakuahidi.

Lakini nisimame Alhamisi? Mniko watampiga. Sisemi watamcheka, watampiga. Unawajua sungusungu. Kisha atakwenda Sirare asirudi tena, na mama yako ataniuliza mimi.

Unadai nimeweka jina la mwanangu mbele ya maisha ya watu. Kweli nimeweka. Na wewe una fito kumi na saba zimekauka juu ya kichwa chako na unaniambia sitoi mpaka nisifiwe. Basi tofauti yetu ni ipi?

Gari la Isebania linapita Homa Bay Jumatatu na Ijumaa. Mpe dereva. Nakuomba, na sijawahi kukuomba.

Baba yako,
Werema


Homa Bay,
5 Novemba 1998

Kwa Baba,

Shikamoo.

Nilikata Februari, kila mwaka Februari. Niliacha ganda mwezi mzima. Nilipaka mavi ya ng'ombe jioni ile ile. Hakuna hata moja iliyopasuka. Umeridhika?

Sitasifiwa kwa siri. Umenificha nyuma ya kibuyu cha maji maisha yangu yote na sasa unataka unifiche nyuma ya mlango uliofungwa. Nilipomaliza kusoma nilitupa barua yako chini, na Onsongo akaiokota akaniambia, "Mama, tuma hivyo vijiti." Hata yeye nimemkatalia.

Masharti yangu ni yale yale. Simama kwanza.

Robi


Kegonga,
30 Novemba 1998

Kwa binti yangu Robi,

Sikusalimu kwa sababu sina salamu.

Ryoba amekufa. Tumemzika juzi Jumamosi.

Walikuja Jumanne saa nne asubuhi, ng'ombe wakiwa mtoni wakinywa maji. Walikuwa sita au saba. Ryoba alikuwa karibu kuliko wenzake, akakimbia akawa wa kwanza kufika. Waliokuwa nyuma yake wanasema mmoja wa wezi aligeuka, wakatazamana hapo kwenye changarawe, si mbali, kama kutoka mlangoni kwangu hadi zizini. Ryoba alikuwa na mshale tayari. Alivuta. Upinde ukakatika juu ya kishikio. Wanasema hakuamini. Aliuangalia ule mkononi mwake. Mwizi hakungoja.

Wenzake walipofika ng'ombe walikuwa wamevuka. Wameleta vile vipande viwili nyumbani kwangu, wameviweka mlangoni, wakaondoka. Mniko aliviona. Jioni hakuwepo. Mtu amemwona Isebania, mwingine anasema amevuka mpaka. Mama yako analala na nguo zake alizovaa mchana.

Siku ya mazishi nilisimama. Ulitaka nisimame, nimesimama. Hakuna aliyeniita, niliomba nishikwe mkono nipelekwe mbele. Nikasema pinde ni za mkaratusi. Nikasema mwanangu alikata mikole akaichoma, na alipokosa mti akachonga takataka, nami niliushika upinde wa kwanza nikajua nikanyamaza. Nikasema kama kuna wa kupigwa ni mimi, na mimi huyu hapa. Hawakunipiga. Pinde zilizobaki walizitupa moja moja mbele ya miguu yangu. Nilizisikia zikianguka. Nilizihesabu, kumi na tisa.

Kisha mama yake Ryoba akauliza. Hakupaza sauti. Akaniuliza, "Mzee, na mti mzuri haukuwepo mahali popote, wa kumpa mwanangu?"

Nikamwambia haukuwepo.

Umesikia? Haukuwepo. Nimelisema hilo mbele ya kaburi na nimelibeba mimi, nitakwenda nalo. Mwanangu mmoja amekwisha potea, wa pili sitampeleka kwao wamrarue. Zile fito zivunje. Mwambie Onsongo azitie motoni muwapikie watoto uji, na usimtajie mtu kwamba ziliwahi kuwepo. Na usije. Watu watauliza mengi na wewe huwezi kufunga mdomo.

Hasira yote uliyo nayo juu yangu nimeikubali.

Baba yako,
Werema


Homa Bay,
8 Desemba 1998

Kwa Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni mwa karakana.

Nilimbeba Ryoba mgongoni. Alikuwa mzito, alikuwa akinivuta nywele. Alinipa upinde akaniuliza kama ni mzuri.

Nimekukasirikia tangu Machi na bado nimekukasirikia, usidhani kifo kimenifanya niwe mpole. Ulijua ukanyamaza. Lakini mimi nilijua, nikanyamaza, tena nilikuwa na mti wa kumwokoa, nikaufanya rungu la kukupigia. Ningeweza kumwandikia Ryoba mwenyewe barua ya mistari miwili, weka huo chini, usiuvute. Stempu ninazo. Sikumwandikia, kwa sababu nilitaka maneno yatoke kinywani mwako. Onsongo aliniambia nitume. Wewe uliniomba, na hujawahi kuniomba.

Sasa umesimama mbele ya kaburi ukanifunika, kama ulivyomfunika Mniko. Nani alikuambia unifunike? Ulimfunika yeye, ona alipo. Ona Ryoba alipo. Sitaki. Sikubali nifichwe tena, hata kwa jambo hili. Zaidi kwa jambo hili.

Sijazichoma. Nimezifunga zote kwa kamba na Ijumaa nitapanda nazo gari la Isebania, nishuke Kegonga mchana, watu wote wakiwa macho. Nitamwambia mama yake Ryoba kwamba mti ulikuwepo. Ulikuwa jikoni kwangu, mkavu, fito kumi na saba, na mwezi wa Oktoba ziliombwa nami nikakataa. Nitaziweka mbele yake. Akitaka kuwapa sungusungu, wewe utazichonga nami nitakushikia, mlango ukiwa wazi. Akitaka kuzivunja mgongoni mwangu, nitakaa atosheke.

Usimtume mtu kunipokea, wala usinisubiri nyumbani. Nitapita kwake kwanza.

Mwanao,
Robi